Mahadhi Yalivyofika Nyaramba

Kwa miaka mingi nilifundisha ushairi kama hesabu. Mizani 16 katika mshororo, 8 ukwapi na 8 utao. Vina vya kati na vina vya mwisho. Mishororo minne ikitimia, tarbia hiyo. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walikuwa hodari wa kuhesabu. Walivunja ubeti silabi kwa silabi, wakikunja vidole chini ya dawati huku midomo ikichezacheza, na baada ya muda mfupi mmoja angeinua mkono kusema mshororo wa tatu umepungukiwa na mizani moja. Alama walipata. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia shairi likighaniwa. Mimi mwenyewe nililisikia chuoni, kwa mwenzetu aliyetoka Lamu, na sauti ile sikuweza kuibeba hadi Nyaramba.

Huku kwetu ni Nyamira Kaskazini, kwenye vilima vya chai na migomba. Siku ya soko ndizi mbichi hupangwa kando ya barabara, mkungu juu ya mkungu, wachukuzi wakipakia malori huku wanunuzi wakipatana bei. Bahari iko upande wa pili wa nchi. Mtoto wa hapa huzungumza Ekegusii nyumbani, na Kiswahili hukisikia sokoni, kwa mfanyabiashara mgeni au kondakta wa matatu. Ekegusii hakina sauti ya l wala ya p, kwa hiyo hata anayeandika insha safi kabisa huweza kuisoma kwa sauti mtu asiijue ni ileile. Nilikuwa nimezoea kuona Kiswahili kikikaa machoni mwa watoto hawa, kwenye karatasi, bila kushuka kooni. Ndiyo maana nikikumbuka jinsi vyombo vya mtandaoni vilivyoingia katika kazi yangu, naona kwamba vingi vilikuja kwa ajili ya karatasi: mitihani, alama, fomu. Kilichogeuza somo langu kiliingia kwa masikio.

Nilipoanza kazi, mtihani ulipigwa taipu kwenye stensili, kisha ukarudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na karani wa shule alitoka chumbani mle na wino hadi kwenye viwiko. Kifungu cha ufahamu tulikinakili kutoka gazeti la Taifa Leo lililofika alasiri. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, bei ya intaneti ikaanza kushuka, na saiba zikafunguliwa hadi katika miji midogo. Jumamosi nilipanda matatu hadi Nyamira mjini, nikalipia dakika zangu, nikafungua barua pepe na kuchapisha mitihani ya majaribio ya wilaya nyingine. Nilijifunza kupakua faili, kuihifadhi kwenye flashi, na kubana kurasa mbili katika moja ili karatasi itoshe. Maarifa hayo yaliniokolea usiku mwingi wa kutunga maswali, na siyadharau. Ila mwanafunzi darasani alipokea karatasi ileile aliyoizoea, isipokuwa sasa ilitoka Kakamega au Machakos.

Vifaa vyenyewe vilifika kwanza kwa mke wangu, si kwangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 ilikuwa imeahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni zikavutana mahakamani, na mwaka 2016 vikaanza kusambazwa vishikwambi badala yake. Kazi hiyo walipewa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wakishirikiana na Positivo BGH. Shule ilipata vishikwambi vya watoto, vifaa viwili vya walimu, projekta, na kisanduku chenye masomo yaliyokwisha kutayarishwa, hivyo kwamba hata pasipo intaneti masomo yalipatikana. Nchi nzima vilisambazwa zaidi ya milioni moja. Kabla havijafika ilibidi chumba cha kuvihifadhi kitiwe mlango wa vyuma na nondo madirishani, na wazazi wa huku walichanga pesa za fundi wakati shule yenyewe ilikuwa na madarasa yasiyo na sakafu ya saruji.

Mke wangu alikwenda kwenye mafunzo, akarudi na daftari limejaa, nami nikalisoma lote. Jioni alinisimulia mambo ya darasani: watoto wawili wakigombania kioo kimoja, mmoja akigusa picha ya ng'ombe tena na tena ili asikie inavyotamkwa. Siku moja akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alikuwa amegeuza vishikwambi vyote kifudifudi mezani, picha zisionekane, na watoto wakaendelea kurudia maneno kwa furaha ileile. "Mwalimu, hawa wanataka sauti," aliniambia. Nyumbani huniita mwalimu anapotaka nimsikilize kweli. Miaka michache baadaye vingi vya vishikwambi hivyo vilikuwa vimelala kabatini, betri zimechoka, na wale wa darasa la kwanza wameshapanda madarasa. Hilo lilitokea katika shule nyingi nchini na limeandikwa sana magazetini. Mimi nilibaki na neno la mke wangu.

Upande wa shule za upili, miaka hiyohiyo ilituletea kazi nyingine za mtandaoni. Kuanzia 2017 kila mwanafunzi alipaswa kusajiliwa katika NEMIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za elimu, na cheti cha kuzaliwa kikawa hati inayotafutwa kijiji kizima. Tathmini ya utendaji wa mwalimu nayo ikahamia mtandaoni. Walimu tuliokuwa hatujawahi kumiliki kompyuta tulijifunza nywila, kupakia na kuwasilisha, mara nyingi kwa kufundishana chini ya mwembe ulio nje ya ofisi, kijana aliyetoka chuo juzi akimwelekeza mwalimu wa miaka 50 na zaidi kwa adabu kubwa. Nawashukuru vijana wale. Walitufanya tusiogope vioo.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kulirudia lile lililokuwa limenikaa moyoni. Nilinunua spika ndogo Kisii mjini, ya kushikwa kwa kiganja. Usiku, bando linapokuwa rahisi, nilitafuta YouTube watu wanaoghani mashairi, nikapakua kanda ya mzee mmoja wa Lamu. Sauti yake ilikuwa kavu kidogo, bila ala yoyote. Kesho yake sikuandika kitu ubaoni. Niliweka spika juu ya kiti katikati ya darasa nikabonyeza.

Kwanza walicheka, kwa sababu hawakutegemea mtu mzima kuvuta neno vile. Kisha kicheko kikafa. Mzee alipofika kwenye kina cha kati alilivuta neno, akatua, akaendelea na utao, akatua tena kwenye kina cha mwisho kwa namna nyingine. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida nilimsikia akijibu tu anapoitwa jina, akasema, "Mwalimu, rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu walikuwa wanagonga madawati taratibu mwishoni mwa kila kipande. Msichana mmoja akasimama bila kuitwa akasema, "Kumbe vina ni mahali pa kupumulia!" Nilikuwa nimefundisha vina tangu nianze kazi na sikuwahi kuvieleza vizuri namna hiyo. Kina cha kati kimewekwa pale kwa sababu mtu ana mapafu. Anayeghani akifika silabi ya 8 anahitaji pumzi, na msikilizaji anahitaji alama ya kumjulisha kwamba nusu imekwisha. Sheria zote zile nilizokuwa nikiwakaririsha zilitoka kwenye kifua cha binadamu.

Tangu wiki hiyo tungo zao zilibadilika. Walikuwa wakiongeza neno "kweli" au "hakika" mwishoni mwa mshororo ili mizani ifike. Sasa waliposoma kwa sauti waliona aibu ya neno lisilo na kazi, wakalitoa wenyewe. Wakaanza pia kubishana kuhusu mahadhi, kwa maana niliwaletea shairi lilelile limeghaniwa na watu wawili kwa namna mbili. Na l zikaanza kutamkwa. Sikuwa nimezitaja.

Halafu ukaja mwaka 2020. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule, na katika siku chache wanafunzi wote walikuwa nyumbani. Masomo yalihamia redio za KBC na runinga. Shupavu 291 ya Eneza, iliyokuwa ikituma masomo kwa ujumbe mfupi, ikafunguliwa bila malipo kwa muda. Mimi nilifungua kundi la WhatsApp la Kidato cha Nne. Walioingia hawakufika hata nusu ya darasa, na wengi wao waliingia kwa simu ya mzazi. Nikituma somo asubuhi, lilisomwa usiku, baada ya baba kurudi kutoka sokoni au mama kutoka kuchuma majani chai, kama bando lilikuwepo. Nyumba nyingine zilikuwa na simu ya mulika mwizi tu.

Aprili mwaka huo kundi la walimu wa Kiswahili lilijaa ujumbe hadi simu ikapata moto. Mwandishi Ken Walibora hakuwepo tena. Aligongwa na gari Nairobi tarehe 10, na habari zikatufikia siku kadhaa baadaye. Kila mwalimu wa Kiswahili wa rika langu aliwahi kusimama darasani na kitabu chake mkononi, Siku Njema kwanza, baadaye Kidagaa Kimemwozea. Hatukuweza kukusanyika kumlilia. Tulichofanya ni kutafuta sauti yake, kwa kuwa alikuwa pia mtangazaji, na mahojiano yake yalikuwepo mtandaoni. Nilituma moja kwa wanafunzi. Kijana mmoja akanijibu kwa sauti, kwa Kiswahili kilichopangwa kwa uangalifu, kwamba hakujua mwandishi wa vitabu vya shule huzungumza taratibu hivyo, na kwamba angependa kusoma kwa mwendo huohuo. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nikaamua masomo yangu yote ya kipindi kile yawe ya sauti: nisome hadithi fupi polepole, nisimame, niulize swali, niache nafasi ya kufikiri, niendelee.

Tatizo la wasio na simu lilibaki palepale, na lilininyima usingizi. Mwezi Julai Telkom na kampuni ya Loon, iliyokuwa ndugu ya Google, zilianza kutoa intaneti kwa maputo kama 35 yaliyokuwa kilomita 20 angani, yakihudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000 magharibi na katikati ya Kenya, Kisii ikiwemo. Watu wa hapa waliyazungumzia sana. Mimi nilishangilia kama wengine, lakini shida ya wanafunzi wangu haikuwa mawimbi. Walikuwa hawana kifaa cha kuyapokelea. Maputo yenyewe yaliacha kuhudumu Machi 2021.

Jibu nililipata Nyaramba sokoni, katika kibanda cha muvi. Masoko mengi ya Kenya yana kibanda hiki: kompyuta moja, kijana mmoja, na foleni ya watu wanaotaka nyimbo zitiwe kwenye memori kadi. Kadi hizo huchomekwa kwenye redio ndogo za betri zinazobebwa shambani, zinazotundikwa kwenye pikipiki, zinazoning'inizwa jikoni. Niliona mama mmoja akilipia nyimbo za kanisani, nikafikiri: nyumba ambayo haina simujanja ina redio hii. Nikamwendea yule kijana.

"Kijana wangu, masomo ya Kiswahili unaweza kuyatia?"

"Mwalimu, natia chochote kilicho na sauti. Wewe leta flashi."

Hakutaka malipo kwa masomo. Mtu alipokuja kutiwa nyimbo, kijana alimuuliza kama nyumbani kuna mtoto wa shule ya upili, na akiambiwa yupo, aliongeza folda yangu. Kwa njia hiyo hadithi za Tumbo Lisiloshiba, mbinu za kuandika barua rasmi na vitendawili vilisafiri ndani ya kadi zilezile zenye nyimbo za harusi. Wahudumu wa bodaboda walinisimamisha njiani kuniambia wamesikia jana nikieleza tamathali za usemi. Mzazi mmoja, asiyejua kusoma, alinieleza kisa cha hadithi nzima kwa mpangilio sahihi na kunilaumu kwamba nilikatizia pabaya.

Siwezi kusema kadi ziliwafikia wote. Darasa la mtihani liliporudi Oktoba 2020, na wengine Januari 2021, kulikuwa na madawati yasiyo na wenyewe. Wavulana wengine walikuwa wamezoea pesa ya kubeba ndizi. Wasichana kadhaa walikuwa wajawazito. Mmoja wao alirejea mwaka uliofuata, mtoto akiwa kwa nyanya yake, na nilipomkaribisha ofisini nimweleze tulikofika aliniambia kwa utulivu kwamba anapajua. Alikuwa amesikiliza kadi usiku, akinyonyesha, hadi betri za redio zikaisha na akasubiri siku ya soko ili nyanya anunue nyingine. Nilimsikiliza akichambua wahusika kwa hoja ambazo sikuwa nimezitoa mimi. Yeye ndiye kipimo changu tangu wakati huo. Mtu akinionyesha chombo kipya cha kufundishia, huuliza kwanza kama binti yule angekipata usiku ule.

Kwa sababu hiyo somo langu leo lina sura ambayo mtu wa mjini angeiona ya kizamani. Wanafunzi wa Kenya hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na mimi sipigani na sheria hiyo. Darasani kuna simu yangu moja, spika moja na ubao. Usiku nakusanya: mjadala wa redio, mahojiano ya mwandishi, ngonjera, hotuba iliyokosewa upatanisho wa ngeli ili waikosoe. Napakua yote nyumbani, kwa kuwa alasiri mvua ya Gusii ikijikusanya radi huanza kupiga, na huku kwetu radi huua. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila kitu kinachomolewa ukutani. Ruta ya ofisini kwetu iliungua namna hiyo. Baadhi ya majirani sasa wamefunga visahani vya Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, nao huchomoa vilevile.

Programu za akili bandia nazo zimefika, zinazoandika insha ya Kiswahili kwa dakika moja. Walimu wenzangu wana hofu nazo na ninaielewa. Mimi nimezitumia kutungisha mashairi, nikayapeleka darasani bila kutaja mtunzi. Mizani ilitimia katika baadhi, katika mengine ikapotea. Wanafunzi walipoyaghani walikwama: hapakuwa na pa kupumulia, au pumzi iliangukia katikati ya neno. Waliyasahihisha kwa koo zao wenyewe. Nitaendelea kuyatumia kwa kazi hiyo.

Jambo linalonichukua moyo wote kwa sasa ni fasihi simulizi. Kitabu kinamtaka mwanafunzi ajue njia za kukusanya data nyanjani: kushiriki, kurekodi, kuhoji. Tulikuwa tukizikariri. Kupitia kundi la walimu nilifahamiana na mwalimu wa Kilifi, tukakubaliana wanafunzi wake waturekodie mashairi na nyimbo za kwao, nasi tuwarekodie za huku. Simu iliyonunuliwa na idara yetu hukaa kwangu. Mwishoni mwa wiki huichukua kundi moja la wanafunzi, kwa zamu, wakiwa na barua ya kuomba ruhusa.

Kundi la kwanza lilikwenda kwa mzee mpiga obokano, zeze letu kubwa la nyuzi 8, ambaye mkono wake wa kushoto umeanza kutetemeka. Walirudi na nyimbo mbili na masharti. Omogaka, yaani mzee huyo, alitaka kujua rekodi itawekwa wapi na nani ataisikia. Hakutaka iachwe wazi mtandaoni ichukuliwe na kila mtu. Wajukuu wake walioko Nairobi waisikie kwanza, watoto wa pwani wapewe, na jina la baba yake, aliyemfundisha, litajwe mwanzoni kwa sauti. Darasa lilijadili masharti hayo kipindi kizima. Mmoja akasema wimbo ukiwekwa hadharani hautapotea kamwe. Mwingine akamjibu kwamba wimbo wa mtu una mlango, na anayebisha hodi ni mgeni. Walipiga kura, wakamwandikia mzee barua ya kukubali masharti yote, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na wawili wakaenda kumsomea.

Wiki iliyopita watoto wa Kilifi walituma jibu lao. Wanauliza kwa nini wimbo wa pili unasita ghafla kabla ya mwisho, na kama ndivyo ulivyotungwa au mzee alichoka. Hatulijui jibu. Kundi la Jumamosi hii limeshapewa simu, imechajiwa, na swali limeandikwa juu kabisa ya karatasi yao.